Usukani Uliohamishwa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama amepiga simu kutoka Karangazi. Mvua imeanza kusuasua. Bwawa liko bondeni, zizi liko juu ya kilima, na tela la maji tulilonunua mwaka jana limekaa chini ya bati kama pambo kwa sababu hakuna gari la kulivuta. Kiangazi kilichopita tulizika ndama wawili. Mama hakulia. Alisema tu kwamba ng'ombe wa Karagwe aliwaacha wakiwa hai, hawa wa hapa wanamfia mbele ya macho.

Mwaka 2013 tulifukuzwa Tanzania, tukarudi Rwanda na masufuria na godoro moja. Ng'ombe walibaki zizini wakituangalia. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilihesabu pembe zao mpaka kona ya barabara. Sitaki kuona tena uso ule wa Mama.

Kwa hiyo: pikapu ya dizeli, kuukuu, isiyo ghali, yenye nguvu ya kupandisha tela lililojaa. Na nani ataichagua? Bayingana! Kaka yangu, mtu wa ofisini Kicukiro, ambaye hajawahi kubadili tairi maishani mwake. Mimi nimesomea kilimo, nina leseni, nimeendesha trekta la chuo. Haidhuru. Yeye ni mwanamume. Wewe utamsindikiza, Mama kasema.

Nimsindikize. Kama bibi harusi.

Jumatano, 14 Mei

Gatsata, mtaa wa magereji. Matope meusi ya oili mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bayingana amepata komisiyoneri, dalali wa magari, jina lake Nzeyimana, viatu vyenye ncha, simu mbili. Anamwita Bayingana "bosi". Mimi ni "madamu", na madamu haangaliwi usoni. Nikiuliza swali mimi, jibu anapewa yeye.

Pikapu ya kwanza: niliweka kiganja kwenye boneti kabla hawajaniona. Moto! Mtu ameiwasha mapema ili tusisikie inavyohangaika ikiwa baridi. Nikasema hivyo. Ni jua, madamu, akacheka Nzeyimana. Jua gani? Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya Nyabugogo.

Ya pili: "Bosi, hii moteri iko muzima kabisa. Haijafungura hata siku moja!"

Alitaka kusema haijafunguliwa. Kwa Kinyarwanda gufungura ni kula pia. Nikamwambia: kama haijala tangu izaliwe, ndiyo maana haina nguvu. Fundi aliyekuwa chini ya gari jingine alicheka mpaka spana ikamponyoka. Bayingana hakucheka. Alinivuta pembeni, meno yameumana. Usinitie aibu na Kiswahili chako cha shule.

Changu! Tulikaa dawati moja, mwalimu mmoja, fimbo moja. Kule Karagwe tulificha maneno yetu kwa Kinyarwanda. Huku tunayaficha kwa Kiswahili. Yeye ameamua kukisahau, kama anavyokunja kola yenye doa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeipata. NIMEIPATA.

Ni ya Winifred, mama anayeuza pumba na chakula cha kuku pale Kicukiro. Bluu, milango miwili, kutu chini ya milango yote, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Hakuiwasha mpaka tulipofika. Akanipa ufunguo mimi — mimi! — akasema, washa mwenyewe, binti. Ikaitika mara moja. Moshi kidogo, ukaisha. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: haikupumua moshi hata chembe. Nikalala chini na gauni langu la kazini. Chesisi nzima. Ndoano ya kuvutia tela imeng'aa kwa kazi, si kwa rangi. Tukapakia magunia ya pumba, nikapanda nayo mlima kwa gia ya pili. Ilivuta. Nilitaka kuibusu.

Bayingana hakutoka kivulini. Hii ni ya kubebea mkaa, akasema. Anataka ya milango minne. Anaoa Julai, atampeleka mchumba wake Mutesi na ndugu zake shambani, hawezi kuwapakia kwenye kopo.

Nikamuuliza: ng'ombe watakunywa milango?

Winifred akainama kuficha kicheko. "Kweli kanisani haitakupendezesha, mwanangu," akamwambia. "Lakini mimi nimelea watoto wanne juu ya hii."

Bayingana akamshukuru kwa adabu. Adabu ile inayochinja.

Jumatatu, 19 Mei

Tumekula pamoja, nyumbani kwetu Kimironko. Nachukia anavyotafuna. Mwishoni akasema nina wivu. Kwamba nikipewa neema nitaikagua kwanza kama ina kutu.

Nimejiuliza kwa haki. Je, nataka maji yafike juu ya kilima, au nataka yeye akosee? Vyote viwili. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 22 Mei

Nzeyimana ameleta pikapu nyeupe ya milango minne. Imesuguliwa mpaka inaonekana imelowa. Bayingana alikwisha kuinunua kwa macho kabla haijasimama. Niliomba niendeshe. Komisiyoneri akamtazama "bosi". Bosi akaruhusu.

Tulipofika juu ya Gatsata mvua ikashuka. Nikawasha waipa. Zikafuta kioo vizuri kabisa — mbele ya Bayingana, aliyekaa kulia. Mbele yangu, kwenye kona ya juu, ilibaki pembetatu ya maji na vumbi ambayo hazikuifikia.

Pembe ile naijua. Ilikuwa yangu! Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa, usukani kulia, Tanzania. Mimi nilikaa kushoto, na mvua ikinyesha nilimlalamikia kwamba upande wake unafutwa na wangu hapana. Akasema gari linampenda dereva wake. Kila safari nilimwona kwa wivu, akitazama dunia safi.

Gari hili nalo linampenda mtu aliyekaa kulia. Maana yake lilizaliwa na usukani kulia. Mtu ameuhamisha, maana huku Rwanda dereva hukaa kushoto.

Niliegesha, nikainama chini ya dashibodi na tochi ya simu. Chuma cha usukani kimekatwa, kikaungwa kipande, kikachomelewa. Uchomeleaji wa mlango wa banda! Vipovu vipovu, na ufa mwembamba upande mmoja. Nikarudi kwenye usukani: unauzungusha kidogo, magurudumu hayasikii, kisha ghafla yanasikia. Hiyo ikiwa tupu. Ifungie tela la maji nyuma, uishushe kilima cha Karangazi...

Nilisema yote. Kwa utaratibu, kama darasani. Nzeyimana: madamu, imekuja hivi hivi kutoka nje. Nikamwambia aweke kidole penye ufa. Hakuweka. Akaanza kuzungumza na simu ambayo haikuita.

Na Bayingana? Alisubiri mvua ipungue, akasema, polepole, kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri sana alichokisahau:

"Hata sisi tulihamishwa, Uwera. Na tunatembea."

Ningempiga. Kwa sababu ni neno zuri, na amelitumia kufunika ufa.

Jumapili, 25 Mei

Amenunua. Hakuniambia. Nimeona picha: yeye, Mutesi, boneti.

Jumatano, 28 Mei

Nilimpigia Mama. Nilianza: Mama, lile gari. Akanikatiza. Kaka yako amehangaika, usimwaibishe kabla ya harusi. Nikasema usukani. Akasema gari ni gari. Nikasema Mama, nisikilize. Akasema amechoka na ugomvi wetu, sisi tulikuwa tunapigania hata kiti cha mbele.

Nilimwomba Bayingana alipeleke gari kwa fundi anayejua usukani, aubadili wote. Baada ya harusi, akasema. Kiangazi hakisubiri harusi yako! Akafunga mlango wa chumba chake taratibu, bila kuubamiza. Ndivyo anavyonitukana.

Jumamosi, 7 Juni

Karangazi. Naandika juu ya usukani wenyewe.

Tumefika saa nne. Mutesi alikaa mbele, mimi nyuma na keki. Bayingana, mtu wa kuendesha kwa mkono mmoja, kiwiko dirishani — njia nzima ameshika usukani kwa mikono miwili. Kila kwenye mteremko shingo yake ilikakamaa. Anajua! Ameujua ufa wiki hizi mbili, na hakusema.

Mama alilizunguka gari, akaligusa taa, akapiga vigelegele. Ng'ombe wamekonda. Mmoja mweusi anaonyesha mbavu zote. Tela limefungwa nyuma: pipa la chuma, tupu, zito hata hivyo. Njia ya bwawani inashuka moja kwa moja mpaka kona, na chini ya kona ni mawe.

Kisha Bayingana akanipa ufunguo. Mbele ya wote, kwa tabasamu. Leo endesha wewe, mtaalamu. Si ulikuwa unataka?

Mwoga. Mwoga! Nimeuchukua. Kwa nini nimeuchukua? Kwa sababu tangu utotoni nimetaka anipe. Hata hivi. Hata ufunguo huu.

Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti cha dereva, vumbi la safari limekauka kwenye kona ile ile ya kioo ambayo waipa haifiki. Mama atashuka nami, kushika mpira wa maji kule bwawani. Amekuja dirishani. Ameinama, akauliza kwa Kiswahili ili Mutesi asielewe, na kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie:

"Uwera, wewe ndiye unayejua. Gari inavuta?"

Mwishowe. Mwishowe ameniuliza mimi.

Kwenye kioo cha pembeni nilimwona Bayingana amesimama nyuma ya tela, anaangalia viatu vyake. Nadhani amesikia. Mutesi alikuwa akimpiga picha yule ng'ombe mweusi.

"Inavuta, Mama," nikasema.

Ni kweli. Kuvuta, inavuta. Hilo ndilo neno aliloliuliza; la usukani hakuuliza.

Amekwenda kuchukua mpira. Ng'ombe wamesikia mnyororo wa tela, wamekuja wote langoni, wanaramba chuma. Ufunguo bado uko mkononi, sijauingiza. Bayingana hajainua uso.

Mama anarudi. Kitenge amekikaza kiunoni, mpira begani, anacheka na ng'ombe. Anazunguka mbele ya boneti, anafungua mlango wa kulia, anaketi mahali pa Baba, penye kioo safi —