Biskuti Zilizopanguswa

Jumatatu, 3 Novemba

Itangazwe kwa mfalme, kwa serikali zote za nchi hii ya wazungu (na ni nyingi), na kwa abiria wote wa basi la Evere: leo mimi, Papa Crispin, mzaliwa wa Lubumbashi, nimevaa miwani ya vioo viwili. Cha juu cha mbali, cha chini cha karibu. Katikati, ukungu. Nimeshakanyaga mbwa wa jirani. Na kazi yangu ni kuzipa mashine macho. Mungu naye anapenda kucheka.

Kiwanda kipya. Biskuti, kando ya mfereji. Nafunga kamera juu ya mkanda unaotoka kwenye tanuri. Na nani amekaa kwenye mkanda huo, wavu kichwani, anaondoa zilizovunjika na zilizoungua? Maman Régine. Sauti ya pili ya kwaya yetu, kwao Likasi. Amepiga kelele mpaka shefu, bosi wa kiwanda, akageuka.

"Mutoto wetu! Unatuletea televizyo ku kazi?"

Mutoto, na mvi hizi. Nikacheka. Sikumwambia kamera ni ya nini. Nilisema itasaidia.

Itasaidia nani, Crispin?

Jumatano, 5 Novemba

Taa, siku nzima. Watu wanadhani kamera ndiyo kazi. Hapana. Taa ikiwa mbaya, hata kamera bora inaona upuuzi. Taa nimeiweka pembeni, chini, ili kila ufa utupe kivuli. Kivuli ndicho mashine inachosoma. Haijui biskuti ni nini, haijawahi kuila. Inajua nukta za weupe na nukta za weusi, basi. Kompyuta inazilinganisha na zile ilizofundishwa. Ikikataa, bomba la hewa linapuliza, pfff, biskuti iko pipani. Yote hayo kabla Maman hajamaliza kusema Yezu.

Nilimweleza hivyo wakati wa kahawa. Alisikiliza vizuri, akasifu. Hakuuliza swali nililoliogopa. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya kufundisha. Nilimwomba Maman Régine anipangie masinia: nzuri huku, mbovu kule. Nani mwingine anajua kama yeye? Ameyaleta kama mtu anayepeleka chakula cha harusi. Biskuti mistari mistari, uso juu, zinang'aa. Nikafikiri ni miwani. Kumbe hivi ndivyo watu wengine wanavyoona, nilijiambia, na mimi nimekaa gizani miaka yote hii.

Tumezipitisha zote chini ya kamera. Imeelewa haraka. Mwanafunzi bora kuliko nilivyokuwa mimi, lakini hiyo si sifa kubwa.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Wakati wa maombi Maman Régine alisimama. Ameombea kazi ya "mutoto wetu Crispin", jaribio la Jumatano mbele ya wakubwa lipite, bazungu waone kwamba na sisi tunaweza. Kanisa zima: Amina. Nilitaka kuingia chini ya benchi, ila tumbo lisingepita.

Jambo lenyewe niliandike, maana hapa hasomi mtu. Jaribio likipita, kiti chake kinaondolewa. Yuko intérim, mkataba wa wiki kwa wiki. Hawana hata haja ya kumfukuza, hawatampigia simu tu. Shefu aliniambia siku ya kwanza, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Na Maman bado hajafika umri wa pensheni, nyumba ya Molenbeek anailipa peke yake tangu mume wake afariki, na kwa miaka yake nani atamchukua?

Anaomba kisu kinolewe. Na mimi nimeitikia Amina.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu. Sijatoka. Mvua. Mke wangu ananiuliza nina nini. Miwani, nimesema.

Jumatano, 12 Novemba

Aibu.

Wakubwa wamekuja na suti. Mkanda umeanza. Biskuti ya kwanza: pfff. Ya pili: pfff. Zote. Nzuri, mbovu, zote pipani, makombo mpaka kwenye tai za watu. Mimi katikati, nabonyeza vitufe kama mpiga kinanda aliyesahau wimbo. Fundi wao mmoja alicheka kwa sauti, akashika mbavu. Shefu hakucheka.

Walipoondoka nikatazama picha. Kila biskuti ya mkandani ina unga usoni, inatoka nao kwenye tanuri. Zile za Ijumaa hazikuwa na hata chembe. Nikamwendea Maman Régine. Alishangaa kwamba nauliza. Alizipangusa zote na burashi, moja moja. Hata zile mbovu.

"Mugeni unamuonyesha kitu ya buchafu? Na weye mwenyewe ulisema bakubwa batakuya!"

Ni kweli. Kwetu hata sahani iliyopasuka unaiosha kwanza, ndipo unamwonyesha mgeni ilipopasuka. Mimi pia ningezipangusa. Mashine iliona unga, haikuwahi kuuona, ikasema huu ni ubovu. Ilitii tu.

Miwani haikunionyesha kitu. Zilikuwa zinang'aa kweli.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeshinda kiwandani. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Jaribio la pili limepita. Wamepiga makofi. Shefu amenipa boksi la biskuti. Nimeliacha kwenye basi, makusudi. Mama mmoja akanikimbilia nalo mpaka kituoni. Mtu mwema. Nikamshukuru, nikalibeba mpaka nyumbani.

Sijawahi kujichukia hivi tangu nifike nchi hii.

Jumapili, 23 Novemba

Wiki nzima Maman Régine hajapigiwa simu. Amekuja misa, ameimba. Baadaye tulisimama nje ya kituo cha metro pale Porte de Namur, baridi, watu wa kwaya. Wote wanasema hivyo hivyo: mashini imekula kazi ya Maman. Nikatikisa kichwa pamoja nao. Yeye akanishika mkono, akaona uso wangu.

"Si weye, mutoto. Ni dunia njo inabadilika."

Bon. Dunia haikufanya kitu. Ilikuwa hivi.

Jumatano ile, suti zilipoondoka, na mimi nimeshajua kosa ni unga, shefu aliniita. Alisema wamechoka. Kuchagua kwa mikono kunafanya kazi, waache hivyo hivyo. Akaninyooshea mkono wa kuaga, kwa upole kabisa. Mimi nisingepoteza kitu, kampuni yangu ina wateja wengine, mshahara ungeingia vile vile. Nilichotakiwa kufanya ni kuushika mkono ule na kwenda nyumbani.

Nikamkumbuka yule fundi alivyoshika mbavu. Sikutaka kubaki yule Mkongo wa biskuti za hewani. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta siku hizi zote. Nikasema: nipe kesho.

Alhamisi asubuhi nilimwomba Maman Régine masinia mengine, safari hii na unga wake. Alifurahi. Alidhani ameniharibia kazi, sasa ananitengenezea. Aliyapanga polepole, anaimba sauti yake ya pili chinichini, vidole vinashika kingo tu ili vumbi lisitoke. Alipomaliza akaniita nije nione. Akauliza kama unga unatosha.

Nikainamisha kichwa, nikatazama kwa kioo cha chini. Niliona vizuri sana.

Unatosha, Maman, nikasema.