Ubeti wa Tatu

Mbulu Mjini
3 Februari 1974

Kwa kaka yangu Thadei,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji Severina na watoto, na mama yetu amepona kikohozi. Mimi sijambo, ila vidole vya mkono wa kushoto vimeota sugu, na hizo sugu ndizo habari yenyewe.

Nimeacha kazi ya ukarani pale stoo ya ushirika. Kabla hujaitupa barua hii motoni isome mpaka mwisho. Unajua mwenyewe kwamba kila mwanamuziki nchi hii ana mwenyewe. Huyu ni wa jeshi, yule wa shirika, mwingine wa vijana wa chama. Anapewa shati, anapewa gitaa, halafu anapewa na cha kuimba. Mimi nataka kuimba nikiwa mtu wangu mwenyewe. Ninapiga kwenye harusi na minada, na ninabandika matangazo kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza. Gari la redio kutoka Dar es Salaam litafika hapa Mbulu tarehe 11 Mei kurekodi nyimbo za wilaya. Likiondoka sijui litarudi mwaka gani. Nataka nchi nzima isomewe jina langu: Kasian Sulle, gitaa kavu, peke yake.

Wimbo niliouchagua ni ule wa mama wa kusaga ulezi. Nimeugeuza kwa Kiswahili. Ubeti wa kwanza unaanza hivi:

Jiwe la chini halina neno,
la juu ndilo lenye kelele;
unga ni wa yote mawili.

Na wa pili ninao. Wa tatu umenipotea kabisa. Tafadhali muulize mama, uniandikie.

Mdogo wako,
Kasian

---

Gitting, Hanang
19 Februari 1974

Kwa Kasian,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mahindi yanapaliliwa na watu wenye kazi. Mama bado anakohoa lakini anakusalimu sana, zaidi ya unavyostahili.

Barua yako nilimsomea Severina akiwa anapepeta. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mtu wako mwenyewe! Kasian, hata mbwa wa hapa Gitting ana mwenyewe. Baba alibeba mawe ya ukuta wa shule hii ninayofundisha, mgongo ukapinda, ili wewe ufike darasa la nane. Umefika, umepewa kalamu na kiti, na sasa umeinuka kwenye kiti kwenda kukuna waya mbele ya walevi.

Wiki iliyopita kwenye mkutano mwenyekiti alitusomea majina ya wazururaji. Niliinamisha kichwa nikisubiri lako. Tunafundisha watoto kwamba asiyefanya kazi ni kupe. Lakini kupe wa kawaida angalau hunyonya kimya. Wewe unanyonya na kuimba.

Kuhusu ubeti: nilimuuliza mama, mimi mwalimu mzima, nikiona aibu. Alisema wimbo wa kusaga hauingizwi kwenye bahasha, uje uusikilize hapa jiweni. Basi ukija, njoo na jembe.

Kaka yako,
Thadei

---

Mbulu Mjini
12 Machi 1974

Kwa kaka Thadei,

Shikamoo. Poleni na mvua, na mama mwambie asichote maji mwenyewe. Mimi mzima. Nimelala njaa mara mbili tu mwezi huu, uongeze kwenye furaha zako.

Nilikwenda kwa Bwana Utamaduni wa wilaya kuandikisha jina kwa ajili ya gari la redio. Ni mtu wa kutoka Tanga huko, shati limepigwa pasi, na matope yetu hayamgusi. Akauliza, "Wewe ni mwanamuziki wa nani?" Nikasema, wangu. Akapekua fomu yake akitafuta mahali pa kuandika hivyo, hakupaona. Akasema, "Mtu mmoja siyo kikundi, bwana. Nenda ukajiunge na vijana wa ngoma." Vijana wenyewe wako kumi na mmoja na wanajua wimbo mmoja. Nitakwenda siku hiyo hivyo hivyo, nikae mlangoni.

Umenicheka, nami nikucheke. Ile kwaya yako ya shule, kila mgeni akishuka kwenye Landrova mnaimba wimbo ule ule mkibadilisha jina. Mwaka jana si mlimwimbia dereva beti tatu kabla mkubwa hajatoka? Huo ndio muziki wenye mwenyewe. Bora walevi wangu, wakichoka wananiambia.

Uzi mwembamba wa gitaa umekatika na Arusha ni mbali, nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Unalia vizuri, ila unakata kidole.

Pasaka nitakuja. Mwambie mama aniwekee ubeti wangu.

Mdogo wako,
Kasian

---

Gitting
2 Mei 1974

Kwa Kasian,

Huku tupo.

Pasaka hukuja, tulisikia barabara imekatika Dareda. Sasa nimepata kijibarua chako kwamba utapanda lori la mahindi tarehe 6, ulale usiku mmoja nyumbani, urudi kuwahi redio yako. Usije. Nyumba hii haina nafasi ya mtu na gitaa lake. Nimechukua likizo na sitoki. Ng'ombe wetu tunawachunga peke yao kule korongoni, na maji tunachota chini kabisa, watu wengine wakishachota yao. Sina muda wa kukaa na kupe nikimtazama anavyokula. Ukiandika, barua ipitie kwa Marko dukani. Ataiacha kwenye uzio.

Ubeti wako wa tatu ni huu. Usiniulize tena habari za nyimbo:

Asiyejua ana miguu myepesi,
mwacheni kwanza afike mnadani;
akirudi ataambiwa mlangoni,
kiti chake hakijakaliwa.

Uimbe kama ulivyo, bila madoido. Na ukishindwa siku hiyo, usije kunililia kwamba kuna kitu kilikuzuia. Njia yako ni nyeupe.

Kaka yako,
Thadei

---

Mbulu Mjini
14 Mei 1974

Kwa Mwalimu Thadei Sulle,

Shikamoo nimeibakiza. Siku ukiwa na haja nayo utaagiza.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye kilabu, watu wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Ng'ombe wa mwalimu hawachungwi pamoja na ng'ombe wa watu! Maji yake hayachanganyiki! Umepandishwa cheo gani huko Gitting, kaka? Baba alikula na kila mtu. Wewe umefika mahali barua ya ndugu yako inaachwa kwenye uzio kama mfupa wa mbwa, na mlango wa mama yangu unaufunga kwa sababu ya gitaa.

Nimerekodi. Lori la vijana wa ngoma lilizama kwenye matope Dongobesh. Yule fundi wa redio alikaa na mashine zake tangu asubuhi hana wa kumrekodi, na mimi nipo mlangoni. Bwana Utamaduni akasema huyu hana kikundi. Fundi akasema, "Basi hatagombana na mtu. Aingie." Nikaimba mara moja tu, beti zote tatu. Kidole kilitoa damu sikukiona. Watautangaza mwezi ujao, Jumapili ya tarehe 16, saa kumi jioni.

Ule ubeti wa mama una mistari minne, beti zake nyingine zote zina mitatu. Nadhani uliuandika vibaya, maana wimbo kwako ni uchafu. Niliubana ukaingia.

Ningesema msalimie mama, lakini najua hutamfikishia. Nitamsalimu mwenyewe siku utakapohamishwa shule.

Kasian

---

Gitting
23 Juni 1974

Kwa mdogo wangu Kasian,

Barua yako isiyo na shikamoo ilinifikia, na wala hukuiwekea jina la undugu chini. Nilistahili. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Mama alifariki tarehe 29 Aprili, alfajiri. Kikohozi kilishuka kifuani. Tumemzika nyuma ya zizi, kando ya kaburi la baba. Padri alikuja, na baada ya padri baba mdogo Tluway akaja na wazee, wakatuweka metimani. Wewe ni mtoto wa Kiiraqw. Unaijua nyumba iliyotengwa kwa sababu ya kifo: hatuingii kwa mtu, mtu haingii kwetu, hatunywi nao chombo kimoja, ng'ombe wanachungwa kando, maji tunachota mwisho. Hakuna ngoma, hakuna harusi. Nilikuandikia yote hayo kwa mkono wangu, nikiogopa kwamba utaelewa. Ukaenda kuyacheka kilabuni.

Mtoto wa marehemu akiambiwa tu, naye amefungwa na mwiko huo. Ungejua tarehe 2, tarehe 11 usingeshika gitaa. Kwa hiyo nilimkataza Marko asimwambie mtu anayepanda Mbulu. Nikakutukana ili usije.

Usidhani ni upendo. Nilikuwa nafikiria maisha yangu mwenyewe. Nilikuona miaka thelathini mbele umekaa kwenye moto wangu, unakula ugali wangu, unawaambia wanangu kwamba ungekuwa mtu mkubwa redioni kama mama asingekufa wiki ile. Kasian, mimi nisingeweza. Nilitaka ama ushinde ama ushindwe, lakini usipate kisingizio. Na baada ya kurekodi nilinyamaza tena, kwa kuwa nakujua, ungekimbia kwa yule Bwana Utamaduni kulia wautoe.

Ubeti wa tatu ni wangu. Mama hakuacha wowote. Siku za mwisho nilimuuliza tena, hakuwa na pumzi ya kusema, alizungusha mkono tu juu ya blanketi kama anasaga. Niliutunga kwenye daftari la hesabu la mtoto, mistari minne, kwa sababu sijui kazi hiyo.

Jumapili ile Marko aliiweka redio kwenye kaunta, akaifungulia yote. Mimi siruhusiwi kufika dukani. Nilisimama na ng'ombe ukingoni mwa korongo. Upepo ulichukua ubeti wa pili wote. Wa tatu niliusikia. Severina alilia, nikamwambia anyamaze, gitaa lenyewe ni waya wa baiskeli.

Sasa sikia mabaya. Kijiji kizima kilisikia. Wanasema Kasian alipiga gitaa udongo wa mama yake haujakauka, na hakuna atakayekupa mkono. Nimemwita Tluway mpaka kwenye uzio nikamwambia hukujua, kosa ni langu, na maneno ya mama niliyatunga mimi. Alinitazama kama mtu anayetazama kinyesi. Wazee wamesema mwalimu aliyemsemea marehemu uongo atakaa metimani miezi mingine minne wenzake wakishatoka. Wazazi wawili wamekwisha kuwatoa watoto wao darasani kwangu.

Wewe umesafishwa. Nimemaliza. Kunicheka unaweza kuendelea.

Kaka yako,
Thadei

---

Dukani kwa Marko, Gitting
6 Julai 1974

Kaka,

Marko atakuletea hii kwenye uzio sasa hivi. Nakuona kutoka hapa. Umekonda, na koti la baba linakupwaya. Ninaandika kwa sababu nikianza kwa mdomo sitafika mbali.

Uliniibia msiba wa mama yangu. Nimeuzika kwa hasira kwenye lori, siku mbili, watu wananitazama. Usitegemee kwamba nitakushukuru. Nilikuwa na haki ya kushindwa kwa sababu ya mama. Ni nani alikupa kazi ya kunichagulia? Unawasahihishia watoto wa watu madaftari mpaka unadhani na maisha ya ndugu yako ni daftari.

Na ubeti wako ni mbaya. Mistari minne kwenye wimbo wa mitatu, kama ng'ombe wa nne kwenye zizi la watatu. Nilikuwa nikiubana kila mara mpaka pumzi inakwisha. Fundi wa redio ameniandikia. Barua wanazopata zote zinauliza ule ubeti wa mwisho alitunga nani. Hakuna hata moja iliyouliza kuhusu gitaa. Mtangazaji alisema "peke yake", nchi nzima ikamsikia, nami nikajipiga kifua, na kumbe tulikuwa wawili. Sijawahi kuaibika hivyo.

Anataka niende Dar es Salaam mwezi Agosti, nikarekodi nyingine sita. Nimemjibu kwamba mtunzi wa maneno na mpigaji wote wana msiba, asubiri, na kama hawezi kusubiri atafute kikundi. Usiseme lolote. Hiki siyo kisingizio, hakuna aliyenizuia, nimechagua kwa akili zangu.

Gitaa nimemwachia Marko, amelitundika juu ya magunia ya chumvi. Baba mdogo Tluway amenikuta hapa akakataa mkono wangu, akasema nikivuka uzio huo nitatoka siku utakayotoka wewe, miezi yako minne ikiwemo. Nimemwambia nahesabu vizuri, nilikuwa karani.

Nimekuja na jembe, kama ulivyosema. Ulisema pia kiti changu hakijakaliwa. Kitoe, kisogeze mahali lilipo jiwe la mama la kusagia, na uje ufungue uzio wewe mwenyewe, maana ile shikamoo niliyoibakiza nimekuja nayo na siwezi kumpa Marko akuletee.

Mdogo wako,
Kasian