Nilimsifu Mwanangu, Muuza Kabichi Akaleta Kuku

Kwako Bi Waridi wa ukurasa wa akina mama,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka laini ya polisi hapa Nyeri, na kabla sijamwaga shida yangu nataka ujue ni nani anakuandikia. Mimi ni mama wa watoto sita na wa kwanza ni Oloo, na Oloo huyu ndiye mkalimani katika kambi wanakochunguzwa watu tangu Imajensi, hii hali ya hatari ya serikali, ianze, kijana aliyezaliwa hapahapa Nyeri baba yake akiwa askari, anasema Kijaluo cha nyumbani, Kiingereza cha shule, na Kikuyu ambacho ukimsikia ukiwa nyuma ya mlango utafikiri ni mzee wa Tetu anadai mbuzi wake, na shati lake la kazi napiga pasi mwenyewe mpaka kola inasimama peke yake. Yeye ndiye hunisomea ukurasa wako kila Jumamosi kwa sauti, kwa sababu mimi shule niliacha darasa la tatu, kuandika najua lakini herufi ndogo za gazeti zinanichezea, na barua hii nimeiandika yeye akiwa kazini kwa maana sitaki ajue.

Bi Waridi, mwezi jana Koplo Munyao alibatiza mtoto, sisi watu wa laini tukala, tukanywa chai, wanaume wakanywa kile chao, na mzee mmoja wa kwetu akaja na nyatiti, hicho kinanda chetu cha nyuzi, akakipiga mpaka hata Wakamba wakakubali. Sasa labda wewe hujui mila yetu. Kwetu nyatiti ikilia, mtu anayetaka kujisifu anasimama, anasema simamisha, anampa mpigaji chochote alicho nacho mkononi, halafu anajimwaga, yeye ni nani, amezaliwa na nani, ng'ombe wao wanakunywa maji ya wapi, na hakuna mtu atauliza kama ni kweli, tena ukisema kidogo watu wanaona umewanyima. Wandera, dereva wa lori la barabara, alisimama akasema ati yeye analala na chui kitanda kimoja na chui ndiye anaomba blanketi. Watu wakapiga makofi.

Na mimi ningekaa kimya niko na Oloo? Nikasimama, na kwa kuwa wageni wengi hawakuwa wa kwetu nikasema kwa Kiswahili ili mtu yeyote asikose, nikasema, "Simamisha! Mimi Apondi, mama wa ulimi wa serikali! Mwanangu akikohoa kambi inanyamaza! Bwana Mkubwa hafungi mtu wala hafungui mtu mpaka Oloo aseme! Lango la kambi linamjua kwa jina!" Wacha nikuambie, Wandera na chui wake walisahauliwa.

Mlangoni alikuwa amesimama Watiri, mama wa Kikuyu anayetuuzia kabichi na viazi, alikuwa ameleta mzigo wa karamu akaambiwa akae ale. Bwana yake anaitwa Wahome, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mkulima huko Endarasha, akashikwa barabarani akienda kumwona mama yake mgonjwa, na sasa yuko ndani ya kambi hiyohiyo ya Oloo. Mimi hilo nilijua, sikatai, lakini nani anafikiria habari ya kambi wakati nyatiti inalia?

Juma lililofuata Watiri akaja na kuku jike mnono, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Mama Oloo, nimekuja kukusalimia," akasema. "Nilisikia maneno yako."

"Hayo uliyoyasikia yalikuwa machache," nikamwambia. "Yako mengine."

"Sitaki mengine. Hayo yametosha."

Nikaona huyu ni mtu wa adabu. Kwetu mtu akipendezwa na sifa zako anaweza kuja kukutuza, basi nikapokea, nikashukuru, nikapika na vitunguu, Oloo akala mapaja yote mawili na kuuliza kuku huyu ametoka wapi, nikamjibu ametoka kwa watu wanaojua thamani yako. Watiri akaja tena na nduma, akaja tena na asali, na kila akija anauliza, "Oloo hajambo? Anakula vizuri?" Nikawaambia wanawake wa laini, mnaona, nyinyi mnamwona kijana huyu kila siku hamjamletea hata yai. Siku moja Watiri akasimama mlangoni, uso umechoka, akaniuliza, "Basi nitulie?" Nikamwambia, "Tulia kabisa, mama yangu," nikamvutia kigoda. Hakukaa. Alilia kidogo, akacheka, akaenda. Nikasema Wakikuyu wana namna yao ya kuaga.

Jumanne hii Katunge, mke wa Munyao, ambaye anasikia Kikuyu kwa sababu ya kukaa sana sokoni, akaingia kwangu akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Oloo, wewe ulipokea kuku wa nini?"

"Wa sifa."

"Kuku wa sifa ni kuku gani?"

"Wewe ni Mkamba, huwezi kujua."

"Na Watiri ni Mjaluo?"

Hapo nikamvutia kigoda. Katunge akanieleza ya sokoni. Yule mzungu wa Endarasha alikuwa amekubali kuja kumsemea mpishi wake mbele ya wakubwa wa kambi, lakini Watiri aende mwenyewe kumkumbusha na kumwambia siku, na chifu alikuwa amempa pasi ya safari. Watiri hakwenda. Ameiacha pasi mpaka imekwisha, kwa sababu amewaambia wenzake kijijini kwamba hana haja tena ya mzungu, Mama Oloo amepokea kuku, Mama Oloo amemwambia atulie kabisa. Na mwisho wa mwezi huu wale ambao hawakusemewa watapakiwa kwenye malori wapelekwe kambi ya mbali, huko kwenye joto, ambako mtu harudi upesi.

Sasa Bi Waridi, ukweli ni kwamba Oloo hafungi mtu wala hafungui. Anasimama katikati, mzungu akisema anasema, mtu akisema anasema, basi. Nimefikiria nimwombe siku ya Wahome aongeze neno moja tu zuri katikati ya kutafsiri, nani atajua? Au ninyamaze, labda Wahome ataachiliwa kwa bahati yake mwenyewe na kuku atakuwa halali. Kwa maana nikimwambia Watiri, laini nzima itasema mama wa ulimi wa serikali kumbe ni mama wa mtu wa kurudia maneno ya wengine, na Oloo akijua alikula kuku wa mke wa mfungwa sijui kama atanitazama tena. Mimi sikusema uongo, nilisema sifa, na karamu nzima ilijua ni sifa. Yule aliyesikia vibaya si ndiye wa kurekebishwa? Niambie nifanye nini, na unijibu upesi.

Ni mimi mama wa mkalimani,
Gaudencia Apondi, Nyeri

*

BI WARIDI ANAJIBU

Mama Oloo,

Barua yako imeruka foleni. Kuna dada wa Timau anayengoja ushauri juu ya mchumba wake tangu Pasaka, na ataendelea kungoja. Majina yenu nimeyabadilisha yote, na mambo ya kambi si ya ukurasa huu, kwa hiyo nitasema nawe juu ya kuku na ulimi tu.

Kwanza nikupe haki yako. Hukusema uongo. Nimewahi kukaa Kisumu, nyatiti nimeisikia, na nimemsikia mzee mmoja asiye na hata baiskeli akisema kwamba gari moshi halitoki stesheni mpaka yeye apige chafya. Tulimshangilia, na gari moshi likaondoka kwa saa yake. Anayesimama mbele ya nyatiti haleti habari, anacheza, na waliokaa pale wanajua kwamba anacheza. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba uliacha lugha ya kwenu ukasema Kiswahili ili mtu yeyote asikose. Basi hawakukosa. Maneno ya mchezo ulimpa mtu ambaye hajui kwamba kuna mchezo, tena ukamtajia lango, Bwana Mkubwa, kufunga na kufungua, wakati mume wake yuko nyuma ya lango hilohilo na wewe wajua.

Unaniuliza kama aliyesikia vibaya ndiye wa kurekebishwa. Watiri hakusikia vibaya, mama. Alisikia vizuri sana, akiwa amesimama pale alipokuwa amesimama. Wandera alitangaza kwamba ana chui. Mbona hakuna aliyekwenda kwake asubuhi? Kwa sababu katika laini yenu nzima hakuna aliyekuwa na haja ya chui. Watiri alikuwa na haja ya mume.

Na huyo kuku. Muuza kabichi ambaye mumewe amefungwa hatoi kuku anayetaga kwa kuwa amefurahishwa na hotuba. Kujua hilo hakuhitaji mila ya Kijaluo wala ya Kikuyu, kulihitaji umtazame usoni. Ulikuwa ukimtazama Oloo, hata alipokuwa hayupo. Mwanamke mzima alilia mlangoni pako, Mama Oloo, na wewe ukasema ni namna ya kuaga.

Mpaka Jumanne ile ulikuwa mtu aliyeteleza tu, na kuteleza si dhambi. Tangu Katunge alipofunga mlango, unadanganya, ingawa hujafungua mdomo. Alikuuliza kama atulie ukamwambia atulie kabisa. Kila siku unayonyamaza anaisikia kauli ileile tena.

Habari ya kumwomba mwanao aongeze neno zuri katikati ya kutafsiri, ifute kichwani hata kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Watamgundua, kwa sababu wewe si mama pekee mwenye mtoto anayejua Kikuyu. Atalala ndani karibu na Wahome, na hapo utaanza wewe kutafuta mama wa kumpelekea kuku.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumapili. Nenda kwa Watiri mchana, watu wakiona, uende na Katunge, maana jambo hili limeharibiwa na Kiswahili na nataka alisikie kwa Kikuyu pia. Chukua kuku jike anayetaga, mzima, si supu. Lakini kuku abaki mikononi mwa Katunge mpaka umalize kusema, kwa sababu ukitanguliza kuku, Watiri ataelewa jambo la tatu kabisa na mtarudi mlikoanzia. Usimuulize habari za viazi. Usianze na hali ya hewa. Sema hivi: "Mwanangu hawezi kumfungua mtu yeyote. Nilikuwa najisifu. Usitulie. Nenda Endarasha." Kisha mpe kuku wake. Akikutukana, pokea, kama ulivyopokea nduma na asali. Baba Oloo amevaa yunifomu ya serikali miaka yote hii. Leo aende na huyo mama mpaka kwa chifu, asimame hapo mpaka pasi nyingine itoke, hata ikibidi akose chakula cha mchana.

Na ukishasema maneno yale utasikia hamu ya kuongeza kwamba hata hivyo Oloo ndiye mkalimani bora kuliko wote Nyeri. Usiongeze. Nimemwomba Katunge, kupitia gazeti hili, akukanyage mguu.

Limebaki moja. Ulisema hutaki mwanao ajue, na ulisema pia kwamba yeye ndiye hukusomea ukurasa huu kwa sauti kila Jumamosi. Basi wewe ninayekuita Oloo, hujambo mwanangu. Najua umeinuka kwenye kiti. Kaa. Mama yako hakukuuza, alikupenda mbele ya watu wasiofaa. Kwa Watiri usiende wewe, maana ukionekana mlangoni kwake ataanza tena kutumaini. Wewe Jumatatu asubuhi mwambie mkubwa wako habari ya yule kuku, mapaja yote mawili, kabla hajaambiwa na mtu mwingine, na umwambie kama unavyofanya kazi yako, yaliyotokea tu, bila kuongeza wala kupunguza.

Huna haja ya kusoma mpaka mwisho wa ukurasa. Chini kuna tangazo la sabuni tu. Kafyu bado mbali. Kunja gazeti, umpe mama yako viatu vyake.

Bi Waridi