Mama, Ni Wewe Uliyeondoka

Mama yangu mpenzi,

Mpaka leo watu wakipita hapa mtaani Keshero huniuliza habari zako. Nikiwajibu kwamba uko Ubelgiji, umefungua biashara, wanasita, kisha wanauliza tena polepole, kana kwamba nimekosea kusema. Wengine wanadhani nafunika msiba. Jirani mmoja alinishika mkono akaniambia nisione haya kulia. Siwalaumu. Katika mji huu wanaoondoka ni vijana, na mama ndiye anayebaki mlangoni. Mimi mwenyewe, mwanao wa kwanza, bado sijazoea.

Nakukumbuka uani asubuhi, maziwa yakiwa yameshuka kutoka milima ya Masisi, wewe umejifunga kitenge juu ya sweta la baba. Ulikuwa unagonga kila formaji, jibini zetu zile, kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kazi hiyo uliijua tangu usichana, kwenye shamba la misioni, mapadri wa Kibeleji walipokuwa wakiwafundisha watu wa milima yetu kugandisha maziwa. Nilipomaliza chuo nikaja kusimama kando yako. Wewe ulishika sufuria, mimi nikashika wateja, na kila wiki tuligombana juu ya chumvi.

Halafu vita viliingia mjini. Ng'ombe wakaporwa, njia ya Masisi ikafungwa, banki zikafunga milango, ndege zikaacha kutua. Rafu zetu zikabaki tupu. Ndipo rafiki yangu aliyeko Liège aliponieleza habari ya kibali anachopewa mgeni anayetaka kwenda kujifanyia kazi kwao. Haendi kama mkimbizi wala kama mfanyakazi wa mtu, anakwenda kama mwenye biashara. Wanataka uwaeleze mradi wako, uwaonyeshe mtaji, na uwape sababu ya nchi yao kukuhitaji.

Nilipokueleza, ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema Wabeleji ndio waliotufundisha formaji, sasa tuwarudishie? Lakini kesho yake, ukiwa unaosha vyombo, uliniuliza kama kule kuna ng'ombe.

Tukauza kiwanja alichotuachia baba, tukaomba pamoja, sote wawili kama wenye kampuni. Katika mawazo yangu msafiri alikuwa mimi. Nilikuona ukija kukaa nami majira ya baridi ya kwanza, ukinionyesha jinsi ya kuyazoea maziwa ya kigeni, kisha ukirudi nyumbani kwa wadogo zangu. Sikuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Nilidhani halihitaji kusemwa.

Tulikwenda Kampala kwa basi, kwa njia ya Bunagana, maana ubalozi wao wa Kampala ndio uliotuita kuhojiwa. Kila mmoja aliitwa peke yake. Mimi niliulizwa juu ya soko na kodi, nikajibu vizuri, nikatoka nikiwa na furaha. Wewe ulikawia. Ulipotoka unakaza kitenge, nilikuuliza walitaka kujua nini. Ukasema wameuliza utafanya nini biashara ikianguka.

"Na ulijibu nini?"

"Nilisema nitaanza tena. Si njo vile tunafanyaka kwetu?"

Jibu lilifika katika simu yangu alasiri moja tukimenya viazi. Nilikusomea kwa sauti, nikigeuza Kifaransa kile kirefu kuwa Kiswahili. Ombi lako limekubaliwa. Langu limekataliwa: karakana ndogo kama tuliyoiombea inatosha kuongozwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Mimi ningeweza kujaribu tena wakati mwingine. Nilikukumbatia, nikacheka, na humo ndani ya kicheko nilishaanza kupanga tutakavyowaandikia ili unipishe.

Jumapili, baada ya misa, mama mdogo Faida alikuja. Wewe ni dada yake mkubwa, kwa hiyo alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Akasifu Mungu, akasifu chai, kisha akasema kile ambacho nyumba nzima tulikuwa tunakifikiri:

"Dada, weye umeshazeeka. Umuachie mutoto iyi nafasi."

"Hapana," ukasema. "Nitaenda miye."

Faida alitabasamu, akidhani unatania. Ukaweka kikombe chini.

"Nilianza kulisha watu nikiwa mutoto. Nikalisha wadogo yangu, nikalisha bwana, nikalisha hawa. Nguvu kidogo yenye imebaki, muniachie. Ni ya kwangu."

Hukupaza sauti, Mama. Nilikuwa nakujua kama ninavyoijua njia ya kushuka ziwani Kituku, ambayo naweza kuipita nimefumba macho. Siku ile nilijikwaa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama kuna kitu unachokitaka.

Asubuhi ya safari tulikusindikiza mpaka mpakani. Ulimfunga mdogo wangu Neema vifungo vya sweta, ukamkabidhi mdogo wake mkononi mwangu, ukaniambia sufuria kubwa isiwekwe ardhini. Kisha ukaingia kwenye foleni na sanduku lako la kahawia. Nilingoja ugeuke. Watu waliokuwa mbele yako waligeuka, na wa nyuma yako pia, wakapunga mikono. Wewe ulikwenda moja kwa moja.

Kwa miezi mingi nilikuwa nakujibu kwa simu kwa maneno mafupi, nawe hukuuliza kwa nini. Neema aliwahi kuniuliza kama Mama alituchoka. Nikamwambia hapana, kisha nikaenda kusimama uani, kwa sababu sikuwa na hakika.

Sasa maziwa yameanza kushuka tena, machache, siku zile njia inaporuhusu. Napika katika sufuria yako na natia chumvi nipendavyo. Wateja kadhaa wamerudi. Rafiki yangu wa Liège ananihimiza niombe kibali upya, nami namwambia angoje. Sijui kama naogopa kukataliwa tena au kama nimeanza kuupenda ua huu ukiwa wangu.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya juma lililopita. Ulinipigia simu ya picha ukiwa kazini, umevaa kofia nyeupe, rafu zimejaa nyuma yako. Ulikuwa unanionyesha formaji zako ukikosea upande wa simu, mara naona meza, mara naona sikio lako. Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka chumba cha pili:

"Jeannette!"

Nikatafuta kwenye kioo cha simu ni nani anayeitwa. Hapa wewe ni Mama Furaha. Sokoni, kanisani, kwa majirani, hata baba alikuita hivyo mpaka anakufa. Jina lile nilikuwa nimelisoma tu kwenye karatasi zako, sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Nawe uligeuka mara moja, na uso uliogeuka nao sikuwahi kuuona: uso wa msichana anayeitwa na wenzake. Ukajibu kwa Kifaransa kwamba unakuja, ukaweka simu mezani, ukaenda.

Ulinisahau, Mama. Nilibaki natazama dari yenu nyeupe, nasikia mnacheka, na sikukata simu.

Fanya kazi kwa amani. Funika kifua baridi ikija, na usile ukiwa umesimama. Ukipata nafasi, nipigie tena ukiwa humo humo kazini.

Ni mimi mwanao, ambaye jina lake ulilibeba mpaka likalifunika lako,

Furaha