Jozi ya Tisa

Mpendwa Baba Zaina,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya jikoni. Nikikaa nainuka. Asubuhi nilikwenda Volo Volo kununua samaki nikarudi na muhogo, na muhogo tunao tele nyumbani. Cheka tu. Bi Moina, yule muuza vitambaa anayevuka kati ya visiwa vyetu, alikuwa amenipa ujumbe wako pale pale sokoni, na baada ya hapo sikujua nanunua nini. Anasema kuna mashua itakayotoka huko kwenu, bandari ya Mutsamudu, nahodha amekubali kukuchukua, na nikisema njoo, utapanda. Kesho Bi Moina anarudi huko. Anangoja neno langu.

Ulikwenda kumzika mama yako, urudi baada ya arubaini. Kisiwa chenu cha Nzwani kikajitenga na sisi ukiwa huko huko. Sasa simu hailii, meli hazina uhakika, na redio ya asubuhi inakanushwa na redio ya jioni. Nimekuita kwa kila msafiri niliyempata. Leo wewe umenirudishia neno mkononi, na limeniwasha kutwa nzima.

Unajua nimekumbuka nini nikimenya huo muhogo? Karata. Ile poka uliyojifunza kwa wapagazi wa bandari ya Majunga ukiwa kijana, kabla ninyi watu wa visiwani hamjafukuzwa huko. Mvua ikinyesha hapa Magoudjou tulitandika mkeka, tukamwaga karafuu za mama yako kutoka kwenye kopo la maziwa, kila mtu na fungu lake. Pesa hatukuweka, tusije tukamkosea Mungu. Aliyeshindwa alichemsha chai. Karafuu zilirudi koponi, na Zaina alilalamika kwamba pilau inanuka mikono yetu.

Nilichemsha chai mimi, karibu kila siku. Nakumbuka siku ya jozi ya tisa, karata mbili za tisa na basi. Nilifungua kwa karafuu nyingi, ukanifuata. Nikabadilisha karata tatu, sikupata chochote cha maana. Zamu ya kusema ilikuwa yangu, nami nikasukuma karafuu nyingine, kwa nguvu, ili usinione mnyonge. Ukafuata tena, taratibu, huku unajikuna shingo. Ulikuwa na jozi ya malkia. Nilikasirika hadi nikataka kukumwagia kopo kichwani.

Ukasema, "Mwenye nyumba, jozi ya tisa inatosha kufungua, haitoshi kupigana. Ukiongeza, nikiwa na ubovu natupa, hupati kitu. Nikikufuata, basi ujue nimekushinda. Hapo gonga meza, hata kama meza ni mkeka, usiongeze kitu, mwache mwenzako aseme."

Nikakujibu kwamba nikigonga utaniona dhaifu, utanisukuma mpaka nitupe. Ukafunika karata zangu kwa kiganja chako. "Kugonga si kutupa," ukasema. "Karata bado unazo."

Sikukubali. Huwa sikubali, wajua. Mtu aliyezaliwa katika nyumba yake mwenyewe hazoei kungoja mwingine aseme. Wewe uliingia humu na sanduku lako la bati, kama wanaume wote wa kwetu waingiavyo kwa wake zao, ukaniita mwenye nyumba tangu siku hiyo, nusu kwa heshima na nusu kwa kunichokoza.

Kuna jambo ambalo wasafiri sikuwapa wakuletee. Juzi, karibu na Volo Volo, wachukuzi wawili wa Kinzwani walipinduliwa mkokoteni na kupigwa. Watu wa kuwaamua walikuwepo, wakatazama. Hapa mtaani, jirani anayekopa chumvi kwetu amemuuliza Zaina baba yake ni wa wapi hasa. Mtoto akajibu, "Wa hapa nyumbani." Nilijivunia, halafu nikaogopa.

Mjomba naye amekuja, na kwetu mjomba akija kwa mpwa wake wa kike haji kunywa chai tu. Anataka nilitoe sanduku lako nje, liwekwe kizingitini mchana kweupe, mtaa mzima uone kwamba mume wa Kinzwani hayumo tena humu. Anasema ni kwa usalama wetu tu, mambo yakitulia utalirudisha. Lakini wewe na mimi tunajua sanduku la mume likishatoka mlangoni limesema nini: ndoa imekwisha. Nilimwambia nyumba ni yangu. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Basi nina nini mkononi? Nina nyumba, mtoto, na mjomba aliyenuna. Jozi ya tisa. Nikisema njoo, utakuja, maana umeahidi, na mawe ya mtaa yatakupata wewe. Nikisema usije, utatii pia, na siku ukinilaumu utakuwa na haki. Njoo au usije, yote mawili ni mimi kusukuma karafuu ili nisionekane mnyonge. Nakutaka. Nakutaka humu ndani, viatu vyako mlangoni, na kikohozi chako cha alfajiri kinachoniudhi. Nalisema wazi usije ukadhani ninapoa.

Uliwahi kunisimulia habari za baba yako, alivyong'ang'ania duka Majunga wenzake walipokuwa wanapanda meli kukimbia. Hukumlaumu. Ulisema tu kwamba kila mtu alimwambia la kufanya, na hakuna aliyemwacha atazame mwenyewe. Mimi sitaki kuwa miongoni mwa hao.

Bi Moina nitampa barua hii, na habari zote za mtaani ziko humu bila kupunguzwa. Nenda bandarini, itazame hiyo mashua, mtazame nahodha usoni, fikiria mkokoteni ule, kisha amua. Ukija, mlango nitaufungua mimi mwenyewe, mchana, mbele ya wote. Ukikaa, sitakuita tena kwa wasafiri, nitangoja. Kungoja sikujui, nitajifunza.

Sanduku nimelitoa leo. Nimelifuta vumbi, nimekunja upya kanzu zako, nimelirudisha chini ya kitanda.

Nagonga meza, Baba Zaina. Kiganja changu kiko juu ya karata.

Mkeo,
Mwenye nyumba