Kiroba Kinatangulia, Mimi Nafuata

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Hawa hajamaliza kulisoma neno. Na wewe Hawa, mdogo wangu, msomee Mama polepole, usiruke mahali usipopapenda. Hujambo Mama? Goti limepoa, au bado linakuamsha mvua ikikaribia? Michungwa ya nyuma ya nyumba imezaa? Sisi huku wazima. Mke wangu Zainabu anakusalimu sana, watoto wanakusalimu, ila Zainabu amenuna kidogo na sababu yake utaiona huko mbele.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia unaniuliza leo nani amenishika mkono kwenda msikitini, kisha unalia, kisha unampa simu Mjomba Saidi. Mjomba akishika simu, mimi kazi yangu inabaki kusikiliza. Mara ya mwisho aliniambia kikao cha ukoo kimepangwa, na kwamba atakuja na gari la kukodi kunichukua, maana mji haumtaki mtu aliyevunjika. Nijengewe chumba karibu na chako hapo Kipatimu, nilelewe. Nilelewe, Mama! Mtu mwenye mke na watoto. Siku ile nilishindwa hata kula, na unajua mimi na chakula.

Sikatai kwamba nilianguka. Nilikuwa juu ya lori napanga magunia, yakateleza, nikashuka nayo, nyonga ikavunjika. Mjomba alikuja akanikuta nimelala chali kitandani, na hivyo alivyonikuta ndivyo alivyokuja kuwasimulia. Tangu hapo hakuna aliyeniona. Hamjaona nilivyoacha magongo nikashika fimbo, wala nilivyoiacha fimbo yenyewe nyuma ya mlango. Mguu wa kushoto umebaki mfupi kidogo na nachechemea. Lakini kila alfajiri natoka hapa Magomeni kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, nauzunguka ule uwanja, kisha nakata Kariakoo kazini. Wauza kahawa wakiniona wanapiga kelele, "Komandoo huyo anapita!" Na kazini nipo vilevile. Sibebi tena, nafunga na kushona, vijana wanabeba. Tajiri wangu hajapata mkono wa kushona kiroba kama huu, na anasema hivyo mbele za watu.

Sasa Mama, kaa vizuri. Kwenye kikao nakuja, lakini siji na gari la Mjomba wala siji na basi. Nakuja kwa miguu, kutoka hapa mpaka Kipatimu. Natoka kesho baada ya sala ya alfajiri.

Usianze kulia, bado sijamaliza. Nilimuuliza dada anayetufanyisha mazoezi hospitalini. Akanipima mguu, akanitembeza koridoni kwenda na kurudi, akasema, "Kutembea tembea, ila pumzika ukichoka. Kubeba ndiyo hapana." Hapo ndipo paliponitatiza. Chakula kipo njia nzima, lakini viatu vyangu havipo duka lolote. Ni raba za mtumba za Mchikichini ambazo fundi huongeza soli kwenye kiatu cha kushoto ili miguu ilingane, na soli hiyo inalika upesi. Nahitaji jozi za kubadilisha, na dawa ya kuchua, na nguo, na mgongo wa kubebea sina. Niliwaza siku nyingi. Asubuhi moja nikiwa nashona kiroba cha mwenye duka wa Ikwiriri, nikaanza kucheka peke yangu. Kwani mimi kazi yangu nini? Miaka yote nafunga mizigo ya watu inayokwenda kusini. Nikasema safari hii nitajitumia mwenyewe: kiroba Kibiti, kiroba Ikwiriri, kiroba Somanga, na cha mwisho ndicho hicho kilichokuletea barua hii.

Wa kunipokelea ninao. Wale wenye maduka nawajua majina kuliko sura, kwa sababu majina yao nayaandika mimi kwenye viroba. Nilimpigia yule mzee wa Kibiti, akasema, "Wewe ndiye Shaibu? Mafundo yako huwa nayakata kwa panga! Njoo bwana nikuone huyo mtu mwenyewe." Nilivimba kichwa siku nzima.

Kichwa hicho ndicho kilichoniponza. Nilikifunga kiroba cha Kibiti mwenyewe, pale pale kazini, watu wakitazama. Sisi wafungaji tuna aibu moja kubwa: mzigo uliolegea. Ukiacha nafasi ndani ya kiroba watu watakutania mpaka ufe. Basi nikaweka viatu, nikaona pana nafasi, nikatia tende. Bado pana nafasi, nikatia karanga, kashata, sabuni, blanketi, chupa ya mafuta ya nazi, na kopo la asali alilonipa jirani. Nikakanyaga, nikashona, nikapiga kamba, nikakigonga kwa kiganja kikalia kama ngoma. Watu wakasifu. Hapo akatokea Zainabu, ameniletea chakula cha mchana. Akakitazama, akakalia juu yake, akauliza, "Huu mzigo mzuri. Sasa ukifika Kibiti, kutoka hapo nani atakubebea?"

Mama, watu walicheka mpaka mpita njia akasimama. Nilijaribu kukiinua, hakikutoka chini. Nimefunga mizigo ya kupanda lori maisha yangu yote, na mzigo wa kupanda lori hauna habari na mgongo wa mtu. Ikabidi nikae chini nifumue mshono wangu mwenyewe, uzi kwa uzi, mbele ya kijiwe kizima, huku Chande, mbebaji wetu, ananiambia, "Oya fundi, kumbe hata wewe unafumuliwa!" Nikabakiza viatu, dawa, shati na tende kidogo. Asali tumekula. Viroba vyote sasa vimelegea, na mimi nimejifunza kuvitazama vimelegea nisione haya. Nadhani hiyo ilikuwa ngumu kuliko mazoezi ya mguu.

Ofisi ya mizigo ya basi, nilipopeleka vile viroba vitatu vya njiani, nayo ilikuwa kichekesho. Dada wa dirishani aliandika, akasimama, akanitazama.

"Mtumaji Shaibu, mpokeaji Shaibu. Kaka, unanitania?"

"Sikutanii dada. Ni mimi na mimi."

"Sasa si upande basi na mzigo wako?"

"Mimi natembea."

Foleni yote ikageuka kunitazama miguu. Mama mmoja akasema, "Huyu si ndiye yule aliyeanguka na magunia?" Nikamjibu, "Ndiye, mama, na ndiye huyu amesimama kwenye foleni tangu saa mbili." Yule dada akapiga muhuri. Nilipokuwa naondoka akaniita, "Kaka Shaibu, na usipofika?" Nikamwambia hivyo viroba vitakaa vikiningoja, na mimi sipendi mzigo wangu ulale stendi.

Zainabu amenuna kwa sababu naenda peke yangu. Alisema, "Kama shida yako ni Mjomba, si upigwe video unatembea umtumie?" Nikamwambia video itamwonyesha mtu anayetembea, haitamwonyesha mtu aliyefika. Jana nimemkuta anapaka soksi zangu za siku ya kwanza dawa ya kuzuia malengelenge, bado kanuna. Yeye na watoto watakuja na basi siku ya kikao, na kikao kikiisha tutarudi wote Dar. Nalitamka mapema ili lisiwe jambo la kujadiliwa. Nitakuja kuwasalimu kila mwaka, nitasaidia kuchuma machungwa, lakini kwangu ni huku na kazi yangu ni huku.

Kwa usalama wangu ondoa shaka. Nitatembea asubuhi na jioni tu, jua kali nitalala kivulini. Usiku nitalala kwa wateja wangu au msikitini, na zile sehemu za pori baada ya Rufiji nitafuatana na watu. Nitampigia Hawa kila nikifika kituo. Nikishindwa nitasema nimeshindwa, nitapanda basi, sina ubishi wa kijinga. Ila sitashindwa, Mama. Najisikia nina nguvu ambazo hata kabla sijaanguka sikuwahi kuzijua, na nimeona fahari mpaka naona haya kuiandika.

Nisalimie Bibi, mwambie mjukuu wake bado anakula kwa mikono miwili. Msalimie jirani yetu mkunga, na mwalimu wangu wa madrasa, aniombee dua ya safari. Mjomba Saidi mpe salamu za heshima kabisa. Najua anayoyafanya anayafanya kwa huruma, na ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu siku nilizokuwa sijiwezi. Mwambie gari asikodi. Na kikao asikianze kabla sijafika, maana sitaki kuzungumzwa nikiwa sipo.

Ndani ya kiroba kuna kanzu na kofia ya kuingilia nyumbani. Mpe Hawa avipige pasi.

Kitu kimoja tu nakuomba, Mama. Mtaniona nikipanda kile kilima cha mwisho. Nitakuwa nimechoka na nitakuwa nachechemea sana. Usinikimbilie, na Hawa asije kunishika mkono. Kaeni hapo hapo barazani, mniangalie nikifika.

Mwanao,
Shaibu