Kondoo Hawajengi

Treorci, Wales
9 Machi

Dada Nerys mpenzi,

Soksi zimefika, na Emlyn hazivui hata kitandani. Umeuliza nyumba ikoje. Haivuji.

Tulipokuwa tunainunua, wakili alitupa orodha ya uchunguzi wa hiari, tuchague tunaoutaka. Emlyn akaweka alama kwenye ule wa machimbo ya zamani kabla sijavaa miwani. Unamjua mume wangu. Babu yake alichimba makaa bonde hili hili, naye anaamini kila sakafu ina shimo chini yake. Mimi nikaongeza wa mafuriko. Ukabaki ule wa kujua kama kuna jirani aliyeomba kibali cha kujenga.

"Huo wa nini?" akasema Emlyn. "Mbele yetu ni kondoo watupu. Kondoo nao wajenge?"

Nikacheka, dada. Nikaukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Majibu yalikuja mazuri. Shimo hakuna, mto hautufikii. Ila tulipokwisha kuhamia ndipo tukajua kwamba mwenye kondoo alishapata kibali cha nyumba ya ghorofa.

Hukuuliza kwa nini tuliichagua nyumba hii, na nakushukuru. Dirisha la jikoni lilitazama makaburi ya kanisa kule mlimani, mstari wa tatu, alipolala Ifan wetu. Kila asubuhi baba yake alivuta pazia akamsalimu kabla ya kunywa chai.

Ijumaa ukuta wa mafundi ulipita kimo cha dirisha letu. Leo Emlyn amevuta pazia kama kawaida, akasimama akitazama matofali.

"Umeamkaje, mwanangu," akasema.

Chai yake ipo hapa mezani, imepoa.

Mdogo wako,
Delyth